Brand-new maana yake imetoka motoni

Watu wengi wanadhani brand-new (mpya kabisa) inahusu brandi, yaani nembo ya kampuni, kumbe brand kwenye Kiingereza cha zamani ni kijinga cha moto, kwa hiyo kitu brand-new ni kilichotoka tanuruni sasa hivi, kama panga ambalo mhunzi hajalipoza, na Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, yeye aliandika fire-new, fire ikiwa ni moto. Naipenda mno asili hii!

Sasa nyie mnaouza simu mtandaoni, used ya Dubai iliyopigwa polishi si brand-new hata ikiwa kwenye boksi na chaja yake, andikeni tu "used safi sana", mteja akikuta betri imechoka atajisikiaje? Halafu very brand-new hakuna jamani, upya umeshafika mwisho hapo, na kile kistari cha katikati msikisahau.