Nimekuchora

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Isaya 49:15-16.

Nilipojitolea kuongoza kipindi cha kuchora kwa wazee wenye dimenshia, yaani hali ya kumbukumbu na akili kudhoofika, nilijiona nina cha kutoa. Siku ya kwanza tu nikaharibu. Mama mmoja alikuwa anapaka jua rangi ya buluu, ametulia, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikamwambia, "Mama, jua si la njano?" Akanitazama, akaitazama karatasi, akaweka brashi chini. Hakuishika tena siku ile.

Wiki iliyofuata hakunikumbuka mimi wala lile jua. Lakini nilipovuta kiti nikae karibu naye, aliifunika karatasi yake kwa kiganja. Wanaowatunza wazee hawa wanajua: tukio huweza kufutika, hisia yake ikabaki. Nashukuru kwamba na furaha nayo hubaki vivyo hivyo.

Tangu hapo sisahihishi. Siulizi "Unakumbuka?" maana kwao swali hilo ni mtihani. Naweka rangi mbili tatu, naanzisha wimbo wa zamani, nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Yupo mzee asiyeweza kutaja jina la mwanawe, ila ukimwanzishia wimbo wa ibada anaimba beti zote, na mwenye kuhitaji kitabu ni mimi.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii. Pengine yupo mmoja kwenye benchi lako.

Kinachoniuma, niseme ukweli, ni kujitambulisha upya kila wiki. "Wewe nani, mwanangu?" Mtu ukitumika mahali miezi yote hiyo, unatamani walau jina lako lijulikane. (Hata kanisani tunapenda kutajwa kwenye matangazo.)

Ndipo nikarudi kwa Isaya. Mungu anamtaja mama na mtoto anyonyaye, wala hadai kwamba mama hawezi kusahau. "Naam, hawa waweza kusahau." Aliyewahi kuulizwa na mzazi wake "wewe ni wa nani?" anaujua uzito wa maneno hayo. Kisha Mungu anasema, "nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Nimelisoma andiko hili miaka mingi bila kuliona hilo neno: kuchora.

Juzi, wakati wa kufunga, nilikuwa namfuta yule mama viganja kwa kitambaa chenye maji. Buluu ilikuwa imeingia kwenye mistari ya mkono, haitoki. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia.