Siku yangu saiti, kuanzia kilomita hadi milimita

Saa 11 alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na kwa sasa tunajenga nyumba ya ghorofa Kigamboni.

Saa 12 na ushee nabadilisha gari Tazara. Dar ina reli za upana wa aina tatu, ukipima kati ya chuma na chuma: reli ya kati ni milimita 1,000, yaani mita 1 kamili, ya Tazara ni milimita 1,067, SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni milimita 1,435. Ya Tazara ukiiandika mita 1.07, tayari umeongeza milimita 3. Ndiyo maana vipimo vya kazi kama hizi hutajwa kwa milimita, na michoro yetu ya majengo iko hivyohivyo. Namba nzima haina nukta ya kufutika kwa jasho.

Kisha tunavuka Daraja la Nyerere, mita 680. Ni kilomita 0.68, au milimita 680,000, ila sioni nani atalitaja hivyo. Kizio hufuata kazi.

Saa 2 asubuhi tunakata ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo kuzishika pamoja. Nguzo ni milimita 230 kwa 230, kova (zege linalofunika chuma) ni 25 kila upande, kwa hiyo ringi ni 180 kwa 180. Pande nne ni 720, ongeza kulabu mbili za 75, kipande kinakuwa milimita 870. Kijana anayejifunza kazi ananiuliza, “Dada, nondo ni mita 12, sasa nagawanyaje kwa 870?” Hagawanyi mpaka vizio vifanane. Mita 12 mara 1,000 ni milimita 12,000. Zinatoka ringi 13, na kinabaki kipande cha 690.

Shuleni alikariri ngazi nzima: km, hm, dam, m, dm, sm, mm, kila hatua 10. Ni sahihi, lakini sijawahi kusikia fundi akiagiza dekamita ya kitu chochote. Mimi namfundisha hatua mbili ndefu: kilomita kwenda mita ni 1,000, mita kwenda milimita ni 1,000. Ukishuka, zidisha, ukipanda, gawanya. Sentimita inakaa katikati: 100 ndani ya mita, na kila moja ina milimita 10.

Saa 4 anapiga fundi wa madirisha. “Upana ni mita moja na tano, siyo?” Hapo ndipo pesa za watu hupotea. Mita moja nukta tano ni milimita 1,500. Mita moja na sentimita tano ni 1,050. Tofauti ni milimita 450, karibu nusu mita ya kioo. Namjibu, “Kaka, subiri nikuandikie,” namtumia ujumbe: upana 1,500 mm, kimo 1,200 mm. Vipimo vya simu sivikubali, hata kwa fundi ninayemwamini.

Saa 7 mchana, wali maharage kwa mama ntilie, haraka haraka.

Saa 9 anakuja mama mwenye nyumba kuulizia vigae vya chumba cha mita 4 kwa mita 3. Amechagua vya sentimita 40 kwa 40. Eneo la kigae ni sentimita za mraba 1,600, na watu wengi hugawanya kwa 100 wakapata mita za mraba 16. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000! Kwa hiyo nabadilisha pande kwanza: 0.4 mara 0.4 ni 0.16. Gawanya 12 kwa 0.16, ni vigae 75. “Mama, ongeza na vya kukatika,” namwambia, naye anaandika.

Saa 11 jioni najaza daftari la oda ya kesho. Nondo: kipenyo 16 mm, urefu 12 m. Mbao: urefu 3.6 m. Kijana anasoma kwa sauti, nami nahakikisha hakuna namba iliyobaki bila kizio kabla daftari halijaenda kwa mtunza stoo.