Mpangaji wangu wa Kondele alipoomba nimpunguzie kodi

Nina maduka mawili Kondele, Kisumu, niliyoyajenga kwa kiinua mgongo cha ualimu. Moja amepanga mama anayeshona sare za shule, kodi shilingi 18,000 kwa mwezi. Jioni moja ya Juni alinijia nyumbani. "Mwalimu, biashara imenilemea. Nipunguzie iwe 10,000, la sivyo nitafunga."

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba daftari la mauzo na rekodi za malipo ya M-Pesa, na Jumapili tukazipitia ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa amesema kweli. Shule moja iliyompa kazi nyingi ilikuwa imehamia kwa fundi mwingine, na kuna miezi alibaki na pesa zisizofika hata kodi. Ila kila Januari, wazazi wanaponunua sare mpya, daftari lilijaa.

Nikapiga na hesabu yangu. Duka la pili liliwahi kukaa tupu miezi minne: 72,000 zikapotea, na bado nikapaka rangi. Nasema wazi, nilichoogopa ni duka tupu, huruma ilifuata.

Tukakubaliana: Julai hadi Desemba alipe 12,000. Zile 36,000 zitakazopungua, nusu nimsamehe, nusu azilipe Januari hadi Machi, 6,000 kila mwezi juu ya kodi. Nikamruhusu pia kumpa kona fundi wa kudarizi nembo, wasaidiane kodi.

Yote tuliyaandika, tukatia sahihi mbele ya shahidi. Hapa wenye maduka wenzangu wasikilize. Upangaji kama wetu, ulioanza bila mkataba wa maandishi, unalindwa na Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka na hoteli. Kodi ukiishusha kwa mdomo tu, kuipandisha tena kunaweza kukudai notisi rasmi ya miezi miwili, naye mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana tuliandika kwamba kodi ni 18,000 palepale, na punguzo linakoma Desemba. Na kumfungia mtu duka kwa kufuli lako bila amri ya baraza hilo ni kuvunja sheria, hata kama ana deni.

Januari alileta 24,000 tarehe 8. Februari vivyo hivyo. Machi alileta 20,000, akanipigia simu mapema kunieleza, na 4,000 zikaja Aprili. Fundi wa nembo angali pale konani.