Hesabu ya Mizinga

Juni 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoiamuru Kenya iwalipe fidia Waogiek, jamii ya asili ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso ya nafsi, simu yangu haikutulia. Wenzangu wa uchumi walitaka kujua tarakimu zile zimepatikanaje. Mimi akili ilishanirudisha Mei 26, 2017, hapahapa Arusha, katika mahakama hiyo, barabara ya Dodoma.

Asubuhi ile baridi ilikuwa inauma na Meru haionekani. Nilikuwa na shahada ya sheria, nasomea uzamili wa uchumi, na tasnifu yangu ilihusu namna ya kukadiria thamani ya ardhi ya jamii za asili. Nikakaa nyuma kabisa ukumbini. Hukumu ya kesi yao dhidi ya Kenya ikasomwa: ibara saba za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu zimevunjwa. Serikali ilijitetea kwamba iliwaondoa watu msitu wa Mau ili kuuhifadhi. Majaji wakasema walioumega na kuukata msitu ule si Waogiek, ni wavamizi wengine pamoja na maamuzi ya serikali yenyewe. Niliposikia hivyo machozi yalinilengalenga. Suala la fidia likaachwa hadi baadaye.

Nje nikamwamkia mzee mmoja aliyesafiri kutoka Mau kuja kusikiliza. "Marahaba, mwanangu." Tukaenda kunywa chai kwa mama ntilie, nami nikamfungulia daftari langu: kilo za asali kwa mzinga, mara bei, mara idadi ya mizinga, mara miaka. Ukurasa ule nilikuwa nimeukeshea.

"Mizinga hii iko wapi?" akauliza.

"Msituni, mzee."

"Msituni wapi?"

Akachukua kalamu, akachora mteremko pembeni mwa hesabu zangu, akaukata vipande vitatu. Chini maua huchanua kwa wakati wake, katikati kwa wakati wake, na juu, kwenye mianzi, kwa wakati mwingine tena. Ukoo una ukanda wake unaopanda toka chini hadi juu, na watu huhama wakiifuata asali.

"Ukininyang'anya hapa katikati," akapagonga kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, "hujachukua theluthi. Asali ya chini ikiisha, na ya juu bado, watoto watakula nini?"

Nilinyamaza. Sheria ilikuwa imenifundisha kwamba mali ya ukoo nayo ni mali, na uchumi ulinifundisha kujumlisha. Mimi nikaijumlisha mizinga kama magunia ghalani, kana kwamba mmoja ukiondoka mingine inabaki na thamani ileile. Nikamwomba anieleze upya, taratibu. Akaanza na mtarakwa, mti wanaouchonga mizinga, na chai yetu ikapoa bila kuguswa.

Usiku uleule nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya nne ya tasnifu, yenye hesabu ile, naifuta.