Kilo 17 za Manukato, Hini Moja ya Mafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Kutoka 30:22-33 imenikaa moyoni na haitaki kuondoka. Imenikaa kwa sababu ya vile vichupa vya mililita 10 vinavyouzwa kwa wagonjwa kwa jina la mafuta ya upako ya Musa. Basi tulisome andiko kwa mizani mkononi.

Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (tete lenye harufu nzuri) 250, kida (gome linalofanana na mdalasini) 500, na mafuta ya zeituni hini moja, kipimo cha vimiminika. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na ushee. Jumla ni shekeli 1,500, yaani kilo 17 hivi za magome, mizizi na utomvu. Hini yenyewe ni lita chache tu, hazifiki saba. Ukimwaga lita hizo juu ya kilo 17 za vitu vikavu, vitayanywa mafuta yote na hutapata hata tone la kumpaka kuhani Haruni.

Walimu wa Kiyahudi waliliona jambo hili zamani, na limo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi. Rabi Yehuda alisema mizizi ilichemshwa ndani ya mafuta. Rabi Yose akamjibu kwamba mafuta hayo yasingetosha hata kuipaka mizizi. Kwa maelezo yake, manukato yaliloweshwa kwanza katika maji yakashiba, ndipo mafuta yakamiminwa juu, yakavuta harufu, kisha yakaenguliwa. Mimi nasimama na Rabi Yose, maana mtu aliyewahi kushika sufuria anaona mara moja kwamba hesabu yake inakubali.

Ndiyo maana Kutoka 37:29 inaiita kazi ya mtengeneza manukato. Ni kazi ya fundi, na ni ya polepole. Theophrasto, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mafundi hawakuweka chombo cha mafuta juu ya moto wenyewe. Walikisimamisha ndani ya maji ya moto, kwa sababu mafuta yakiungua harufu ya moto huimeza harufu ya manukato. Manemane nayo ina ukaidi wake: gundi yake huyeyuka majini, lakini utomvu na harufu hushikana na mafuta. Kwa hiyo huachwa itulie, kisha huchujwa kwa kitambaa. Maji yakibaki chini ya chupa, mafuta huvunda. Na Mhubiri 10:1 yatosha kutukumbusha kufunika chombo: nzi wafu huvundisha marhamu.

Kukeneka kwa mvuke, yaani kuchemsha manukato na kukusanya mvuke wake upoe, kunakotoa yale mafuta makali ya vichupa vya leo, kulienea karne nyingi baadaye kwa mikono ya wataalamu wa nchi za Kiarabu na Uajemi. Musa hakuwa nacho kichupa hicho. Na hata angekuwa nacho, soma Kutoka 30, mstari wa 32 na 33: mafuta yale yasimiminwe juu ya mwili wa mtu wa kawaida, na atakayetengeneza mfano wake akatiliwe mbali na watu wake. Ndugu unayeuza chupa na kuapa kwamba ni kanuni ile ile ya Musa, umeusoma mstari huo? Unajitangazia hukumu kwa kinywa chako, na unachukua nauli ya mgonjwa ya kwenda hospitali. Acha!

Marko 6:13 inasema wanafunzi walipaka mafuta wagonjwa wengi wakawaponya. Haitaji shekeli hata moja. Msamaria wa Luka 10 alitia mafuta na divai katika majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi: divai ilisafisha, mafuta yalilainisha, na kitambaa hakikugandamana na kidonda. Yalikuwa mafuta ya safarini, ya chakula na ya taa. Na Yakobo 5:14 inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wanaitwa wao, wanakuja wao, bila bei! Mstari wa 15 unasema kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa.

Wazee, mkiitwa, chukueni mafuta ya zeituni matupu katika chupa ndogo ya rangi nyeusi, maana mwanga na joto huyachachusha. Ncha ya kidole kwenye paji la uso yatosha. Msipake machoni wala kwenye kidonda kibichi. Ikiwa mtu ana mafuta makali yaliyokenekwa na anataka kuyapaka ngozini, tone moja kwa kijiko cha chai cha mafuta ya zeituni, si zaidi. Ya gome la mdalasini yaacheni kabisa, huunguza ngozi. Yasinywewe. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto huweza kumletea degedege. Na kabla ya kuondoka, muulizeni mgonjwa kama amemeza vidonge vyake vya jioni, mmpe maji.