Kumbukumbu ya mradi: gitaa la solo kwenye begi moja la mgongoni

Hali ya mradi mpaka sasa: amplifaya inabaki nyumbani, pedali nane (visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa) zimekuwa nne, na kila ninachohitaji jukwaani ukiacha gitaa lenyewe kinaingia kwenye begi la mgongoni la kubebea laptopu. Nawaandikia wapiga gitaa wenzangu wa bendi za harusi na kumbi ndogo za Kanda ya Ziwa, wale ambao hawana kijana wa kuwabebea vyombo na ambao mitambo wanaikuta ukumbini, ya mtu mwingine, ikiwa na hali yake.

Nakaa Igogo, mlimani. Anayeijua Mwanza haina haja ya kumweleza zaidi: bajaji inaishia chini, kutoka hapo ni ngazi na mawe. Kombo yangu, yaani amplifaya na spika kwenye kasha moja, yenye spika moja ya inchi 12 ina uzito wa kama kilo 20, na harusi za huku haziishi mapema. Lakini mgongo haukuwa sababu kuu.

Januari: kuhesabu viungo

Kabla ya kuuza au kununua chochote nilichukua karatasi nikahesabu mahali pote ambapo sauti inaweza kukatika. Pedali nane zilizopangwa mstari mmoja zinaungwa kwa nyaya fupi saba, yaani jeki 14. Ongeza waya unaotoka kwenye gitaa na ule unaokwenda kwenye amplifaya, jeki nne nyingine, jumla 18. Upande wa umeme kuna plagi nane za kuingia kwenye pedali, pamoja na ile ya ukutani. Hivyo ni viungo 27, na kimoja tu kikilegea solo imezimika. Ikizimika sebene limekolea, maharusi wanatunzwa na MC amekukodolea macho, wewe umepiga magoti gizani unabonyeza jeki moja baada ya nyingine kutafuta ipi imechoka.

Wengi wakizungumzia kupunguza vyombo huanza na uzito. Mimi nimeanzia hapo kwenye viungo, na maamuzi yote yanayofuata yametoka kwenye ile karatasi.

Februari: nani abaki

Mazoezini nilipiga nyimbo zetu zote pedali zikiwa zimezimwa, nikawasha moja pale tu wimbo wenyewe ulipoidai. Bendi yetu inapiga rumba, zilipendwa, sebene na injili kidogo kwenye sendofu. Gitaa la solo la muziki huu linataka sauti safi, iliyonyooka, yenye sauti za kati za kutosha ili ipenye juu ya kinanda. Distoshoni nzito, ile ya kukwaruza sauti, haikuitwa hata mara moja. Wawa, pedali inayofanya gitaa liite wa-wa, iliitwa kwenye wimbo mmoja, na wimbo huo mwimbaji wetu ameshauchoka. Kompresa, inayosawazisha nguvu ya noti, ilikuwa inanifichia uvivu wa mkono wa kulia, ikaenda.

Iliyoniuma ni korasi, pedali inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Ule mng'ao wa magitaa ya Kikongo ya miaka ya 1980 ndio ulionifanya nishike gitaa. Ila mpiga rizimu wetu naye anayo, na tukiziwasha zote mbili magitaa yanayumbishana, hujui nani anapiga nini. Yeye anaihitaji kuliko mimi kwa sababu anashikilia kodi (noti zinazopigwa pamoja) ndefu. Nikamwachia uwanja.

Zikabaki pedali ya tuna (ya kupimia tyuni ya nyuzi), ovadraivu nyepesi (inayokoleza sauti), dilei (inayorudia sauti kama mwangwi), na mwishoni kabisa pedali ya kuiga amplifaya yenye tundu la XLR, la waya kama wa maiki, la kuingia moja kwa moja kwenye mixa ya ukumbi.

Tuna iko mbele kwa sababu mbili. Ukiikanyaga inanyamazisha gitaa lote, basi unabadilisha waya au unafunga kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) bila kuushtua ukumbi. Pili, hii yangu ina bafa ndani. Waya wa gitaa una kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji ya umeme) ya takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, hivyo waya wa mita 6 una pikofaradi 600 hivi, na zinachomeza ni sauti za juu. Bafa inaushika mkondo dhaifu wa pikapu (kinasa sauti cha gitaa) na kuusukuma kwa nguvu mbele, kwa hiyo nyaya zinazofuata haziutafuni tena. Pedali zote zikiwa za aina isiyo na bafa, urefu wa nyaya unajumlika, nawe utakaa unaongeza trebo bila kujua inakoishia.

Dilei nimeiweka fupi, kama milisekunde 120, marudio mawili. Ikirefuka zaidi ya hapo, kwenye sebene noti zinakanyagana.

Mtu ataniuliza kwa nini nisinunue maltiefekti moja, chombo kimoja chenye pedali nyingi ndani, nikamaliza kazi. Nimepiga nazo, na sauti zake siku hizi hazina ubaya. Tatizo ni umeme. Umeme ukikatika na jenereta likawashwa, pedali ya kawaida inarudi papo hapo, wakati chombo chenye kompyuta ndani kinaanza kujipakia upya huku bendi imeshaingia kwenye kiitikio. Anayepiga kwenye kumbi zenye umeme wa uhakika ana hesabu nyingine.

Machi: mbao na umeme

Ubao nimechongewa na fundi seremala wa mtaani kwa plaiwudi ya milimita 12, sentimita 40 kwa 25. Vipimo havikubuniwa. Pedali nyingi za kawaida zina umbo linalokaribiana na zile za Boss, ambazo zina upana wa milimita 73. Nne ni 292, na ukiweka nafasi ya jeki katikati yake unafika kama 370. Nyaya fupi nimezilehemu mwenyewe kwa urefu kamili, kisha nikazivuta moja moja kwa nguvu kabla ya kufunga kifuniko cha jeki. Solda nzuri inang'aa na imeukumbatia waya. Ile iliyofifia na kukaa kama tone lililodondoshwa tu juu ya chuma itakuachia njiani, hasa ikipanda bodaboda.

Adapta ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Pedali karibu zote zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta za kinanda na redio zinazouzwa madukani mara nyingi ni chanya katikati, na plagi inaweza kuingia vizuri kabisa. Tazama kile kichoro cha duara chenye alama za kujumlisha na kutoa kwenye kibandiko kabla hujachomeka. Tazama pia kama imeandikwa 100–240V. Hiyo inavumilia umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, tofauti na adapta nzito za transfoma ambazo umeme ukishuka nazo zinashuka, na pedali inaanza kukoroma.

Mwishowe nimeachana na ukuta kabisa. Natumia pawabanki inayotoa volti 9 kupitia waya wa USB-C, na kigawanyio kidogo ambacho kila tundu lake limetenganishwa na lingine. Utenganisho huo una faida, maana dilei ya dijitali ikichangia umeme na ovadraivu kwenye waya mmoja wa matawi inaleta mluzi mwembamba unaosikika kila mnaponyamaza. Hesabu ya chaji iko hivi: pawabanki ya 10,000 mAh hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, kwa hiyo inabeba wati-saa 37. Pedali zangu nne zinakula kama miliampia 250 kwa volti 9, yaani wati 2.25. Ukitoa hata asilimia 20 inayopotea njiani, zinabaki saa 13 hivi. Hakuna harusi ya namna hiyo, hata Usukumani.

Angalizo moja. Pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Tuna na ovadraivu peke yake hazikutosha kuiweka macho, lakini dilei ilipoongezwa haikulala tena. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima ukiwa na pedali zote.

Aprili: direkti, yaani moja kwa moja kwenye mixa

Fundi mitambo wa ukumbi wa kwanza aliponiona sina amplifaya alicheka. "Kaka, unaniletea gitaa la kuchaji?" Nikamwomba waya mmoja wa maiki na chaneli moja iliyofungwa mpaka nitakapomwambia. Mlio wa kuchomeka waya kwenye chaneli iliyo wazi unaumiza honi za spika, na mafundi wanalijua hilo kuliko sisi, basi akanielewa haraka. Alipofungua nikapiga mistari miwili ya rumba, akanyanyua kidole gumba na kurudi kwenye ngoma, ambazo ndizo humla muda siku zote.

Pedali ya mwisho ndiyo inayofanya direkti iwezekane. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti za juu sana, kuanzia karibu kilohezi 5 inashuka kwa kasi. Spika za ukumbi zinatoa kila kitu mpaka juu, kwa hiyo ovadraivu ikiingia kwenye mixa bila kuchujwa inalia kama mbu kwenye chandarua. Pedali ya kuiga amplifaya na kabati lake inakata sauti hizo, inashusha impidansi (ukinzani wa mkondo wa sauti), na inatoa mawimbi ya balansi yanayoweza kusafiri mita 30 mpaka kwa fundi bila kuokota kelele.

Kingine nilichofaidi ni muda. Zamani nilikuwa wa mwisho kuwa tayari pamoja na mpiga ngoma. Sasa nachomeka nyaya mbili na kubonyeza pawabanki, na kiongozi wetu, ambaye ni mzee wa dansi asiyependa maneno mengi, ameanza kunituma nikawasaidie wengine. Hilo sikulipangia.

Juni: ufukweni

Kazi za ng'ambo zimekuwa rahisi. Sengerema tunapita juu ya daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji tangu lilipofunguliwa Juni 2025, hatusubiri tena kivuko na gari la vyombo. Nansio bado ni meli, na melini begi langu linakaa mapajani.

Ila kazi za ufukweni ndizo zilizonifanya nifurahie pawabanki kuliko kitu kingine chochote. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) kupitia brigi, kipande kinachozishikilia kwenye gitaa, ndiyo maana ukizigusa mvumo unapungua. Wavu wa maiki nao ni ethi ya mixa. Amplifaya ikichomekwa kwenye soketi moja na mixa kwenye nyingine, na moja haina ethi ya kweli, tofauti ya umeme kati yao inapita kwenye midomo ya anayepiga huku akiimba. Huku mara nyingi ethi haipo kabisa: ekstensheni ya matundu mawili, jenereta lililowekwa juu ya mchanga bila fimbo ya ethi, au yule kijana anayechomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ikubali kuingia. Mpigaji amesimama pekupeku kwenye mchanga mbichi. Nimewahi kupigwa shoti ya mdomo namna hiyo, meno yakauma mpaka kesho yake.

Kwa pawabanki, nikiwa nimechomeka kwenye mixa tu, gitaa langu lina njia moja tu ya kufikia ethi, ule waya wa XLR unaokwenda kwenye mixa, ile ile inayotumiwa na maiki. Kati ya nyuzi na maiki hakuna tofauti tena. Hata hivyo, kama mixa yenyewe haina ethi, mchanga mbichi bado ni hatari, kwa hiyo navaa raba zenye soli nene na nagusa wavu wa maiki kwa testa kabla ya kuusogelea. Ikiwaka taa, siimbi mpaka fundi arekebishe. Anayetumia amplifaya pamoja na direkti akisikia mvumo, abonyeze kitufe cha kuinua ethi kwenye pedali ya direkti. Kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, dawa ambayo bado inafundishwana mitaani, ni kumtafutia mwenzako msiba.

Kinachoendelea

Bila amplifaya nyuma yangu, najisikia kupitia monita tu, na kwenye kumbi nyingi monita ni moja na ni ya mwimbaji. Mpiga besi naye amelalamika kwamba hanisikii, na ana haki, yeye anafuata mkono wangu kwenye mabadiliko. Kwa sasa nachukua tundu la pili la pedali ya direkti na kuliingiza kwenye spika ya mpiga kinanda, ambaye amekubali kwa sharti kwamba nisiguse sauti yake. Linafanya kazi anapokuwa upande wangu wa jukwaa. Akihamia upande wa pili inabidi nivute waya mbele ya ngoma, na hapo viungo vinaanza kuongezeka tena. Mwezi ujao tunajaribu kuipanga bendi upya, kinanda na solo kushoto, rizimu kulia, besi katikati karibu na ngoma. Mpiga rizimu bado hajaafiki kuhama.

Mfuko wa mbele wa begi una waya mmoja mrefu wa akiba, nyaya fupi mbili, nyuzi za 10–46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) pamoja na nyuzi tatu za ziada za namba 10 maana ndizo zinazokatika kwanza, kapo, testa na bisibisi. Kombo nimeiazima kwanza kwa vijana wa kwaya mtaani. Wakiipenda, tutazungumza bei.