Minyoo fundo hawana mbio, ni sisi tunawabeba

Msimu wa kwanza kilikuwa kipande kidogo tu kona ya juu ya shamba, matuta kama manne hivi, nyanya zimedumaa, mchana majani yanalala jioni yanaamka, mi nikajua ni maji nikaongeza maji, nikaweka na mbolea, wapi. Siku bwana shamba anapita akang'oa shina moja, mizizi imejaa vinundu kama tangawizi changa. Minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi.

Wengi tunachanganya na vile vinundu vya maharage, ila vya maharage ukisugua na kidole vinabanduka, hivi havitoki kwasababu ni mzizi wenyewe umevimba. Ndani amekaa jike, hatembei tena, anataga mayai mamia kwenye utelezi, na udongo ukiwa na joto mwezi hauishi kizazi kingine kishaanguliwa.

Sasa kilichoninyima usingizi ni msimu wa pili. Mnyoo mchanga hafiki hata nusu milimita, kwa nguvu zake msimu mzima hamalizi mita moja, lakini mi nakuta nyanya zinanyauka mita 30 huko chini, tena zimenyooka mstari kama umepima kwa kamba. Nikakaa kwenye tuta nikaanza kukumbuka hatua kwa hatua, kumbe ndo njia ile ile ya pawatila, katrekta kadogo ka kulimia, lilianzia kona ya juu likaburuta udongo na mizizi iliyokatika mpaka mwisho wa shamba. Upande wa pili zimefuata mfereji, maji yanapita kwanza kwenye ugonjwa ndo yashuke kwa nyanya nzima, na mashina niliyong'oa yale ya mwanzo nilikuwa nimeyatupa wapi? Pembeni ya mfereji huo huo. Iliniuma sana.

Na kona yenyewe walifikaje, pale ndo nilipanda miche ya kununua baada ya ya kwangu kupungua. Mche ukitoka kitalu chenye minyoo juu unaweza kuwa wa kijani safi kabisa, kwahiyo jamani kabla hujalipa ng'oa miwili mitatu, osha mizizi, angalia. Hata jembe la kuazima lina udongo wa mwenzio, viatu pia, kwato za ng'ombe wanaoingia kula mabua pia.

Siku hizi udongo wa kitalu naulowesha nafunika nailoni nyeupe inayopitisha jua wiki 6 joto liwaue, mizizi yenye vinundu nachoma, mnavu nang'oa hata kama hakuna zao shambani maana minyoo wanaishi humo wakisubiri nyanya zirudi. Nilitaka kubadilisha na bamia, bwana shamba akanizuia, bamia nayo wanaila vizuri tu.

Kona ya juu mwaka huu ina marejea, mmea unaopunguza minyoo hawa udongoni. Pawatila likija linaanzia chini, kule juu linaingia mwisho kabisa, na linaoshwa palepale kabla halijaenda kwa jirani.